Zuia tovuti hatari zisikupachikie programu usizozitaka

Mtu akikuletea simu iliyojaa matangazo yanayoruka juu ya kioo kila baada ya dakika chache, mara nyingi atakwambia imejisakinishia programu yenyewe. Kwa simu na kompyuta za sasa hilo hutokea kwa nadra sana. Miaka kumi na zaidi iliyopita lilikuwa jambo la kila siku: ulifungua ukurasa tu, ukurasa ukapenya kwenye tundu la Flash au Java, programu za nyongeza za vivinjari vya wakati ule, na programu ikaingia bila kukuuliza. Angler, mtambo uliovuma zaidi kwa kazi hiyo, ulizimika katikati ya mwaka 2016, na vivinjari vya leo vinautenga kila ukurasa usiguse mfumo wa kifaa. Matapeli hawakustaafu. Walihamia njia nyepesi zaidi, ile ya kukufanya ubonyeze mwenyewe.

Hapo ndipo tunapowapata. Karibu kila hila inahitaji mkono wako mahali fulani: kwenye kitufe cha kuruhusu, kwenye faili ulilopakua, kwenye kisanduku cha amri. Mahali hapo ni pachache, na pengi unaweza kupafunga leo jioni kabla hujakutana na tovuti yoyote mbaya. Usitegemee umakini wako peke yake. Mechi ikikatika dakika ya 85 na mbele yako kuna kitufe cha "endelea kutazama", hakuna aliye makini dakika hiyo.

Hatua ya 1: Sasisha, kisha kataa masasisho ya mitaani

Matundu machache yaliyobaki huzibwa na masasisho, kwa hiyo anzia hapo. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako juu kulia, ingia sehemu ya kusimamia programu, usasishe Chrome pamoja na ile iitwayo Android System WebView. Wengi huiruka hiyo ya pili kwa sababu hawakuisakinisha wao na hawajui kazi yake. Ndiyo inayofungua kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine nyingi, kwa hiyo ikizeeka inakuacha wazi hata kama kivinjari chako ni kipya.

Kwenye kompyuta Chrome hujipakulia sasisho chenyewe, lakini halianzi kazi mpaka ukifunge kivinjari na kukifungua tena. Mwenye mazoea ya kuacha tabo arobaini wazi wiki nzima anatumia toleo la zamani bila kujua. Na kama una kompyuta ya mtumba yenye Windows 10, fahamu kwamba masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unaofika Oktoba 2026. Mashine isiyokubali Windows 11 iandikishe kwenye mpango huo, au iwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, uendelee na shughuli zako.

Ukishasasisha, shika kanuni hii: ukurasa wa tovuti hausasishi kivinjari chako. Ukiona maneno kwamba Chrome yako imepitwa na wakati, na chini yake kitufe cha kupakua, huo ni mtego hata kama tovuti yenyewe ni ya heshima. Kuna mtego ambao watafiti huuita SocGholish, na wahalifu wanaouendesha kazi yao kwa miaka mingi ni hiyohiyo: kudukua tovuti halali za watu, zikiwemo za biashara ndogo na za habari, na kupachika humo tangazo la sasisho la uongo. Mwenye tovuti hajui, msomaji naye haoni tofauti. Oktoba 2017 kirusi cha Bad Rabbit kiliingia Urusi na Ukraine kwa mlango huu, kikijifanya sasisho la Flash kwenye tovuti za habari zilizodukuliwa. Flash yenyewe Adobe iliizika tarehe 31 Desemba 2020, hivyo yeyote anayekuomba uisasishe leo anakuuzia maiti.

Ukiwa na wasiwasi wa kweli kuhusu toleo lako, nenda mwenyewe: kwenye kompyuta gusa vidoti vitatu vya Chrome, ingia sehemu ya msaada, kisha ile inayoeleza habari za Chrome. Kitakagua chenyewe na kukwambia kama kimepitwa.

Hatua ya 2: Nyang'anya kivinjari na WhatsApp ruhusa ya kusakinisha

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa mtumiaji wa simu, na haichukui dakika tano.

Zamani Android ilikuwa na swichi moja tu ya kuruhusu programu kutoka nje ya duka. Ukiiwasha, kila kitu kiliweza kukuletea programu. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa kila programu peke yake. Maana yake, siku ile uliposakinisha kitu fulani kutoka Chrome na simu ikakuuliza kama unakiruhusu, ukakubali, Chrome imebaki na ruhusa hiyo mpaka leo. Vivyo hivyo WhatsApp, Telegram, Xender na programu yako ya kufungulia mafaili.

Menyu za Tecno, Infinix, itel na Samsung hazifanani, kwa hiyo usihangaike kufuata njia ya mtu mwingine. Fungua mipangilio ya simu, gusa alama ya kutafuta juu, uandike "unknown" kama simu yako iko kwa Kiingereza, au "zisizojulikana" kama iko kwa Kiswahili. Itakuja sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana. Ndani yake kuna orodha. Pita programu moja moja na uizimie ruhusa kila moja. Siku ukiwa na sababu halali ya kusakinisha kitu cha nje, utawasha kwa dakika mbili, kisha uzime.

Baada ya hapo fungua Play Store, gusa picha yako, chagua Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu, uhakikishe imewashwa. Kwa walioko Kenya kuna kinga ya ziada: mpango ambao Google iliuanza kwa majaribio nchini Singapore Februari 2024 na baadaye ukafika Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, wa kuzuia papo hapo programu iliyotoka kwenye kivinjari au WhatsApp ikiwa inataka ruhusa nyeti kama kusoma SMS. Ndiyo maana maelekezo ya matapeli siku hizi huanza na "kwanza zima Play Protect". Ukiona sentensi hiyo popote, iwe kwenye video au kwenye ukurasa, umeshapata jibu lako.

Sasa tazama mtego wenyewe unavyokuja. Huko India na Indonesia matapeli wamekuwa wakituma mwaliko wa harusi kupitia WhatsApp, faili lenye jina la kupendeza linaloishia na .apk. Kwetu sisi, ambapo kadi za michango na mialiko huingia kwenye simu kila mwisho wa juma, mtego kama huo hauhitaji hata kutafsiriwa. Kadi ya harusi huja kama picha au PDF. Ikija na .apk, hiyo ni programu, na haijalishi imetoka kwa shemeji.

Hapo hapo niseme la WhatsApp za kienyeji: GB, FM, Yo na ndugu zao. Najua watu wanazipenda, zinaficha kwamba umesoma ujumbe na zinahifadhi picha zilizofutwa. Lakini hazipo Play Store, kwa hiyo kila anayezitaka hulazimika kuzurura kwenye tovuti za kupakulia, na hapo huwezi kujua umepewa toleo la nani. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba Triada, kirusi chenye uwezo wa kupakua programu nyingine na kukuandikisha kwenye huduma za kulipia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya YoWhatsApp, iliyoiba funguo za akaunti. Ushauri wangu ni kuachana nazo kabisa.

Programu za mikopo ya chapchap nazo hupita njia hizi, hasa zinapokuwa hazina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Tangazo likikupeleka kwenye tovuti ya kupakua faili la mkopo, tafuta kwanza kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya wenye leseni ya benki kuu ya nchi yako.

Hatua ya 3: Zisome ruhusa tatu tu

Watu huambiwa "soma ruhusa zote", na matokeo yake hawasomi hata moja. Angalia tatu. Ya kwanza ni kusoma SMS, kwa sababu humo ndimo zinamopita namba za uthibitisho za benki na taarifa za miamala ya simu. Ya pili ni kusoma arifa, ambayo inafanya kazi ileile kwa mlango wa nyuma. Ya tatu ni ufikivu, huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, inayoiruhusu programu kuona kilichoko kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Programu ya kutazama mpira au kusafisha simu haina kazi na hata moja kati ya hizo.

Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu iliyopakuliwa nje ya duka ikiomba ufikivu, simu hukataa na kusema mpangilio huo umezuiwa. Kuna njia ya kuuondoa uzuio huo kupitia ukurasa wa maelezo ya programu, na matapeli wanaijua vizuri. Watakuongoza kitufe kwa kitufe, wakati mwingine kwa kukupigia simu. Simu ikikataa, ichukulie kwamba imekataa kwa faida yako.

Hatua ya 4: Arifa za kivinjari

Malalamiko mengi ya "simu ina virusi" hayahusiani na programu yoyote. Ni arifa. Ulifungua tovuti ya nyimbo au filamu zilizotafsiriwa, ukaona maneno "bonyeza Allow kuthibitisha kuwa wewe si roboti", ukabonyeza. Tangu hapo tovuti ile inakutumia ujumbe hata ukiwa umefunga kivinjari: betri imeharibika, simu ina virusi vinne, umeshinda iPhone. Kila ujumbe una kiungo, na mwisho wa kiungo kuna programu.

Wengine wanaogopa kwa sababu ujumbe unataja aina ya simu yao na hata mtandao wanaotumia. Hilo halihitaji udukuzi. Kivinjari chenyewe kinaweza kuieleza tovuti kifaa chako ni cha namna gani, na anwani yako ya intaneti inaonyesha kampuni inayokupa data. Hata simu kutetemeka wakati ukurasa unapiga kelele za virusi ni amri ya kawaida ambayo ukurasa wowote unaweza kuitoa.

Tiba: Chrome, vidoti vitatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa. Ondoa kila tovuti usiyoijua, halafu zima kabisa uwezo wa tovuti kuomba kutuma arifa. Sioni tovuti ambayo mtu wa kawaida atakosa kitu kwa kuzima hapo. Ukiwa ndani ya mipangilio hiyo, angalia pia kwamba madirisha ibukizi yamezuiwa, na kwenye sehemu ya faragha na usalama upandishe kiwango cha Kuvinjari Salama kuwa cha ulinzi ulioimarishwa.

Wenye iPhone hawasumbuliwi na .apk, lakini wana mtego wao: tovuti huwaandikisha kwenye kalenda ya kigeni, na matangazo yanaanza kutokea kama miadi. Futa usajili huo kwenye akaunti za kalenda. Pia ukiombwa kusakinisha "profaili", kataa, isipokuwa kama simu ni ya kazini na anayekuomba ni mtu wa TEHAMA unayemfahamu kwa sura.

Hatua ya 5: Kwenye Windows, usibandike amri ya ukurasa

Hii nitaikalia kwa muda, maana inawanasa hata wanaojiona wajanja.

Unafungua tovuti. Unakuta ule ukaguzi uliouzoea: kiboksi cheupe, maneno ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Unabonyeza. Badala ya picha za baiskeli na taa za barabarani, yanatokea maelekezo matatu mafupi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Bonyeza Ctrl pamoja na V. Bonyeza Enter. Basi.

Ulipokibonyeza kile kiboksi, ukurasa ulikwishanakili amri ndefu kwenye kumbukumbu ya kunakili bila kukuonyesha. Windows na R hufungua kisanduku cha Run, ambacho hutekeleza chochote ulichokiandika. Amri yenyewe huanza na neno kama powershell au mshta, zana za Windows za kuendesha amri, ikifuatiwa na anwani ya kupakua kirusi. Lakini mwishoni mwake wameongeza maneno ya Kiingereza ya "mimi si roboti" na namba ya uongo ya uthibitisho. Kisanduku cha Run ni kifupi, kwa hiyo ukibandika unaona mkia tu: alama ya tiki, mimi si roboti, namba. Inaonekana sawasawa kabisa na kile ulichoahidiwa. Unabonyeza Enter.

Hila hii inaitwa ClickFix na ilishika kasi mwaka 2024. Kinachoingia mara nyingi ni mwizi wa taarifa, programu inayofanya kazi haraka na kuondoka na nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na vile vidakuzi vinavyokufanya uendelee kuwa ndani ya akaunti bila kuulizwa nywila. Mmoja wa wezi hao, Lumma, ulipigwa pigo Mei 2025: Microsoft na washirika wake walinyakua anwani za tovuti zipatazo 2,300 zilizokuwa zikiuendesha, baada ya kukuta kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zimeambukizwa ndani ya miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Machi. Mwizi wa aina hii hahitaji ruhusa ya msimamizi. Na kizuia virusi chako kina wakati mgumu, kwa sababu kinachokiona ni mwenye kompyuta akitekeleza amri yake mwenyewe.

Kwa hiyo: hakuna ukaguzi wa roboti unaotoka nje ya kivinjari. Ukiambiwa ufungue Run, au Terminal kwa wenye Mac, funga tabo. Ukiwa na shaka juu ya ulichonakili, kibandike kwanza kwenye Notepad ukione chote. Na kama unasimamia kompyuta za ofisi au za saiba zenye Windows Pro, tumia sera za kikundi (Group Policy) kuondoa Run kwenye menyu ya Start; Windows na R haitafungua kitu tena, na wateja wako hawatagundua kwamba kuna kilichopungua. Kwenye kompyuta hizo hizo, wape watumiaji akaunti ya kawaida na ya msimamizi ubaki nayo wewe.

Hatua ya 6: Unapokuwa na haja ya kupakua kweli

Kosa huanzia kwenye kutafuta. Unaandika "VLC", ile programu ya kuchezea video, kwenye Google na majibu ya juu kabisa huwa ni matangazo ya kulipia. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kulipia tangazo. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu wahalifu wanaonunua matangazo ya aina hiyo kwa majina ya kampuni halali, na katika ushauri wake ikawaambia wananchi watumie programu za kuzuia matangazo wanapotafuta. Polisi wakikushauri uzuie matangazo, jua hali ni mbaya.

Ruka kila kilichoandikwa kuwa ni tangazo, na ijue anwani halisi: VLC hutoka videolan.org, LibreOffice hutoka libreoffice.org. Usipoijua, Wikipedia huwa na anwani rasmi kwenye kisanduku cha pembeni cha makala ya programu husika. Kwenye kivinjari weka uBlock Origin, kizuia matangazo. Toleo lake kamili linafanya kazi kwenye Firefox, ya kompyuta na ya Android pia. Kwenye Chrome limebaki lile jepesi liitwalo uBlock Origin Lite, ambalo bado ni bora kuliko kukaa bila kitu. Litakuondolea pia vile vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua ambavyo vingi ni matangazo, huku kitufe chenyewe kikiwa ni mstari mdogo wa bluu chini kushoto.

Faili likishafika, litazame kabla ya kulifungua. Windows huficha mwisho wa majina ya mafaili, hivyo "mechi.mp4.exe" unaliona kama "mechi.mp4". Fungua dirisha la mafaili, ingia menyu ya mwonekano, uwashe viendelezi vya majina. Filamu ya saa mbili yenye ukubwa wa megabaiti tatu si filamu. Faili la zip linalokuja na nywila iliyoandikwa pembeni yake limefungwa hivyo ili kizuia virusi kisione ndani. Ukitaka maoni ya pili, lipakie virustotal.com, ambako hupimwa kwa vizuia virusi kadhaa kwa mpigo. Ila usipakie humo nyaraka zako binafsi, kwa kuwa mafaili yanayopakiwa huweza kuonwa na watafiti wengine.

Wakati wa kusakinisha, usipige "Next" mfululizo kama unafukuzwa. Chagua usakinishaji wa kujipangia mwenyewe kama upo, uondoe tiki kwenye kila kitu cha ziada: kizuia virusi cha majaribio, kivinjari kipya, injini ya kutafuta. Windows ina swichi ya kuzuia programu za namna hiyo, ndani ya Windows Security, sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, kwenye ulinzi unaotegemea sifa. Hakikisha imewashwa.

Na kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Office ya bure, Photoshop ya bure, kifungulia cha Windows. Hapa sitakuhubiria habari za hakimiliki. Nasema tu kwamba ni bidhaa ambayo maelekezo yake hukutaka uzime kinga kabla ya kuitumia, na watu wanazima. Kwa barua na mahesabu, LibreOffice inatosha watu wengi. Kwa picha kuna GIMP.

Hatua ya 7: Chuja kwenye DNS

DNS ni huduma inayoieleza simu yako iliko kila tovuti. Android 9 na kuendelea ina sehemu iitwayo DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika dns.quad9.net. Quad9 ni shirika lisilo la faida lenye makao Uswisi. Simu yako ikiuliza iliko tovuti inayojulikana kuwa hatari, haitajibiwa, na ukurasa hautafunguka. Ukitaka kupunguza na matangazo, andika dns.adguard-dns.com badala yake. Bando nalo litadumu zaidi kidogo. Ukifika mahali penye Wi-Fi inayokutaka uingie kwanza kwa ukurasa, hotelini au uwanja wa ndege, huenda ikagoma. Zima DNS hiyo kwa muda, ingia, uiwashe.

Kama programu mbaya imekwishaingia

Kwenye simu, zima data na Wi-Fi kwanza. Bonyeza kitufe cha kuzimia, kisha ushikilie maandishi ya kuzima kwenye kioo mpaka simu ikuulize kuhusu hali salama. Kwenye simu nyingi za Android ndivyo inavyofanyika. Katika hali hiyo programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, kwa hiyo unaweza kuifuta ile mbaya kwa utulivu. Ikikataa kufutika, tafuta "admin" kwenye mipangilio, uivue usimamizi wa kifaa, kisha ufute. Pitia pia orodha ya ufikivu. Programu hizi hupenda kuficha alama yake, au kujiita jina kama "Mipangilio" au "Huduma za Mfumo", hivyo itafute kwenye orodha kamili ya programu zote, usitegemee kioo cha mwanzo. Kama ilipata ruhusa ya SMS, ipigie benki yako na kampuni ya simu siku hiyohiyo, na ubadilishe namba ya siri ya pesa za mtandao.

Kwenye Windows, chomoa mtandao, fungua Windows Security, uchague ukaguzi wa Microsoft Defender nje ya mfumo. Kompyuta itazima na kuwaka yenyewe na kukagua kwa takriban dakika kumi na tano kabla Windows haijaamka. Kama ulibandika amri kwenye Run, ukaguzi huo hautoshi. Chukua kifaa kingine kisafi, ubadilishe nywila ukianzia na baruapepe, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Kwa Google fanya hivyo kwenye myaccount.google.com, sehemu ya usalama. Usipoviondoa, aliyeiba vidakuzi anaweza kuendelea kuwa ndani hata baada ya nywila kubadilika. Halafu nakili nyaraka na picha zako, uache programu, na usakinishe Windows upya.

Kiungo kikiwa kilikuja kwa SMS, Tanzania utume ujumbe huo kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wateja wa Safaricom Kenya kwenda 333. Kikiwa kilikuja kwenye grupu, mwombe msimamizi akifute kabla wengine hawajakigusa. Na kama kilitoka kwa mtu unayemfahamu, mpigie simu ya kawaida. Usimwandikie hukohuko WhatsApp, kwa sababu anayekujibu huenda si yeye.